Dokta, mbwa kafukua takataka! Barua zenu za mwezi huu

Mwezi huu barua ni mbwa na takataka, mbwa na takataka, na wala sishangai. Tangu lile dampo la Kiteezi liporomoke Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, ukizunguka Kampala na vitongoji vyake unaona kasasiro, yaani takataka, inakaa kwenye kona siku nyingi bila gari kupita, kaveera (mfuko wa plastiki) juu ya kaveera, na hapo ndo wanapokutana kaloli (yule ndege mkubwa mla mizoga), mbwa wa mtaani na mbwa wako wewe uliyesahau kufunga geti. Kaloli atakula mzoga wa wiki na aruke zake. Mbwa naye anadhani anaweza. Waliotuandikia kwa dharura nilishawapigia simu, hapa naweka majibu kwa faida ya wengine.

Dokta habari. Jumapili tulikuwa na wageni, mabaki tukayatia kwenye kaveera nyuma ya jiko, usiku Simba (mbwa wetu, kilo 18 hivi) akaipasua yote. Asubuhi nakuta mifupa ya kuku imeisha, maganda ya vitunguu yamesambaa, alafu paketi ya dawa ya panya ambayo kijana wa kazi aliitupa humo nayo imetafunwa. Jirani akaniambia nimpe maziwa, mafuta ya kupikia na chumvi ili atapike. Nikampa, akatapika kidogo. Leo Jumanne anakula na kubweka kama kawaida. Si ndo amepona? — Mama wawili, Kireka

Mama wawili, pole sana, lakini hapana, bado hatujasema amepona. Kwenye barua yako mifupa hainitishi sana, kinachonitisha ni hilo la "kama kawaida".

Dawa nyingi za panya za punje au vipande vya rangi, kijani, buluu, pinki, zinaua kwa kuzuia damu isigande. Ini linahitaji vitamini K kutengeneza vile vitu vya kugandisha damu, sumu inaifunga hiyo njia, ila mwilini bado kuna akiba, kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili mbwa anacheza tu na mwenyewe unamshukuru Mungu. Akiba ikiisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 5, damu inaanza kuvuja ndani. Utaona mbwa amechoka bila sababu, anakohoa, fizi zimepauka, pua inatoka damu, mguu umevimba, au choo ni cheusi kama lami. Wengine hawaonyeshi kitu hadi kifua kimejaa damu. Ukimleta wakati huo bado tunajaribu, lakini sasa anahitaji kuongezewa damu, na kupata damu ya mbwa hapa kwetu si kazi ndogo.

Kwa hiyo Simba anaenda kliniki leo akiwa anabweka hivohivo, na ile paketi iliyotafunwa unaibeba, hata kama imebaki kona moja tu yenye maandishi. Daktari atapima muda wa damu kuganda, kipimo hicho kinaeleweka vizuri saa 48 hadi 72 baada ya mbwa kula, na dawa yake ipo, vitamini K1, inatolewa kila siku pamoja na chakula chenye mafuta kidogo na kwa hizi sumu za kisasa inaendelea karibu mwezi mzima. Watu wanaacha baada ya wiki kwa sababu mbwa "yuko poa", alafu damu inaanza upya. Na usikubali kuuziwa vitamini K3 ukaambiwa ni ileile, kwa kazi hii haisaidii.

Sasa kuna dawa ya panya ya aina nyingine kabisa, unga wa kijivu au mweusi unaonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hiyo mara nyingi ni zinki fosfaidi. Ikikutana na asidi ya tumboni inatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua mbwa na inaweza kukuumiza na wewe unayemhudumia. Mbwa aliyekula hiyo usimpe chakula chochote, maana chakula kinaita asidi zaidi. Akitapika fungua madirisha, usiinamie matapishi, na usimfungie kwenye gari lenye vioo juu. Mnaona kwa nini nawasumbua na paketi? Mwenye ile ya kwanza anaweza kula bila shida, mwenye hii ya pili chakula kinammaliza, na kwa macho tu mi siwezi kukwambia amekula ipi.

Tuje kwa jirani yako, namheshimu lakini hapa alikuponza. Chumvi ndo mbaya kuliko zote. Kiasi cha kumtapisha mbwa kinaweza kupandisha chumvi kwenye damu hadi ubongo uathirike, mbwa anatetemeka, anapata degedege, na nimeona wanaokufa kwa chumvi wakati alichokula mwanzo kilikuwa hakiui. Mafuta ya kupikia yanateleza na kuingia kwenye mapafu, hasa ukimshika mdomo na kumiminia kwa nguvu, baada ya siku mbili una nimonia. Maziwa hayaui sumu, sijui hii habari ilianzia wapi lakini naisikia toka Katuna hadi Elegu, yanaweza kusaidia kidogo tu pale mdomo umeungua na kitu kama jiki, basi. Sumu inayoyeyuka kwenye mafuta unaweza hata kuisaidia kupenya haraka kwa maziwa hayohayo. Na mkaa wa jikoni uliosagwa sio ule mkaa wa hospitali, ule umetengenezwa maalumu kunyonya sumu, wako unamchafua mdomo tu.

Kutapisha kwenyewe kuna wakati wake, ndani ya saa moja au mbili hivi, na kuna wakati ni marufuku: mbwa anayeyumba au amezimia, mwenye degedege, aliyekula kitu chenye ncha kali, aliyekunywa petroli, mafuta ya taa, jiki au maji ya betri. Kinachounguza kikishuka kinaunguza, kikirudi kinaunguza tena. Kuna wanaotumia hidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa. Hiyo ni kwa maelekezo ya daktari aliye kwenye simu na wewe, kwa uzito wa mbwa wako, na ni ya asilimia 3 tu. Kwenye chupa mara nyingine wanaandika voliyumu, 10 ndo asilimia 3, 20 ni asilimia 6, na hiyo ya 6 inachubua tumbo. Paka usimguse nayo kabisa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo hata hiyo hatuitapishi. Mwangalie siku tatu hivi: akijikamua bila kutoa choo, tumbo likiwa gumu, akitapika damu, mlete. Maganda ya vitunguu peke yake kwa mbwa wa kilo 18 hayanipi presha, ingekuwa sufuria la mchuzi wenye vitunguu vinne vizima ningeongea mengine, kwa sababu vitunguu vinavunja chembe nyekundu za damu na dalili zinakuja siku kadhaa baadaye.

Na ukipiga simu kliniki usianze na hadithi ya wageni. Sema: uzito wa mbwa, alichokula, kiasi gani, saa ngapi, na sasa hivi yukoje. Inua mdomo wake, bonyeza fizi kwa kidole, achia, rangi ya pinki inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa au fizi ni nyeupe, huyo ni wa kuwekwa kwenye boda au gari sasa hivi, mengine tutaongea njiani.

Dokta, mbwa wangu jike siku ya pili leo mdomo uko wazi, taya limelegea, mate yanachuruzika, maji anayatamani lakini hamezi. Juzi alikuwa kwenye shimo la takataka la hoteli kwa hiyo nadhani mfupa umemkwama kooni. Mume wangu atamshika mi nitautoa. Nitumie koleo au mkono tu? — Bugembe, Jinja

Dada, usitumie koleo wala mkono, na watoto watoke hapo uani.

Inawezekana ni mfupa, sikatai. Lakini taya lililolegea, mate, na kushindwa kumeza ni sura mojawapo ya kichaa cha mbwa, ile ya kupooza, ambayo mbwa hata hang'ati mtu, anakuangalia tu kwa huruma, na hapo ndo wenye mbwa wengi wanapoingia kwenye mtego kwa sababu kila mtu anamjua mbwa wa kichaa kama yule anayekimbia akiuma kila kitu. Huyu mpole ndo unamtia mkono mdomoni mwenyewe. Mate yakiingia kwenye mchubuko mdogo wa kidole, tayari.

Sumu kwa kawaida inakuja ghafla, dakika au saa chache baada ya kula, na inakuja na vurugu: kutapika, kuhara, kutetemeka. Kichaa kinaanza na kubadilika tabia siku kadhaa, aliyependa watu anajificha, mkali anakuwa mpole, sauti ya kubweka inakuwa nzito. Mfupa uliokwama nao unamfanya mbwa ajikune mdomo kwa miguu ya mbele na ajaribu kukohoa. Ila kwa macho tu hata mimi siwezi kuapa. Ulizana na mume wako, alichanjwa lini? Kama jibu ni "sijui" au "alipokuwa mdogo", mfungieni chumba ambacho hakuna mtu anaingia, na mpigieni ofisa wa mifugo wa wilaya aje akiwa anajua anachokuja kukiona.

Na kama kuna aliyeguswa na mate kwenye kidonda, jicho au mdomo, au ameng'atwa hata kwa bahati mbaya: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, dakika 15 za saa, alafu kituo cha afya siku hiyohiyo mkaulizie chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Huu ugonjwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kama mtahakikishiwa ni mfupa, utatolewa mbwa akiwa amechomwa sindano ya usingizi, na hakuna atakayehitaji kumshika.

Salaam dokta. Huku Bundibugyo tunaanika kokoa uani. Mbwa wangu kijana, kilo 12, anaokota punje, na maganda tunayotupa anayalamba. Jana alikesha anahema na kuzungukazunguka, moyo unapiga mbio. Nilisikia chokoleti ndo mbaya kwa mbwa, kokoa yenyewe nayo?

Kaka, kwani chokoleti wanaitoa wapi! Kitu kinachoumiza ni theobromini, na iko kwenye kokoa kabla haijawa chokoleti ya mtu yeyote, tena huko kwenu iko nyingi zaidi kwa sababu haijachanganywa na maziwa wala sukari. Chokoleti ya maziwa ina miligramu kama 2 kwa kila gramu. Punje kavu ya kokoa ina 10 na kuendelea. Binadamu anaitoa mwilini haraka, mbwa anachelewa nayo, nusu yake tu inachukua karibu saa 18 kutoka.

Piga hesabu na mimi. Dalili za mwanzo, kutapika na kutotulia, zinakuja kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya mbwa. Kilo 12 hiyo ni 240, yaani gramu 24 za kokoa kavu, na punje moja ina uzito wa gramu moja hivi, kwa hiyo viganja viwili vya mtoto. Ikifika miligramu 60 kwa kilo tunaogopa degedege na moyo kwenda ovyo. Wa kwako tayari moyo unakimbia, huyo si wa kungoja asubuhi.

Dawa ya kuiondoa moja kwa moja haipo. Daktari atampa mkaa ule wa hospitali, pengine zaidi ya mara moja kwa sababu sumu inapita kwenye ini na kurudi kwenye utumbo, atamwekea dripu, na dawa za moyo au za degedege zikihitajika. Wewe ukiwa njiani au ukirudi naye nyumbani kuna kitu kidogo unachoweza kufanya, mtoe nje akojoe mara kwa mara, kwa maana hii kitu ikikaa kwenye kibofu inanyonywa tena mwilini. Dalili zinaweza kuvuta hadi siku tatu. Turubai la kokoa likizungushiwa wavu tatizo limeisha, na maganda yachimbiwe mbali na nyumba.

Ndugu zetu wa kahawa, Masaka na Mukono, msicheke. Kafeini inamfanya mbwa hivohivo, na robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Msimu wa embe mbwa wetu anashinda kwenye jalala la soko, anakula makokwa na magunzi ya mahindi ya kuchoma. Siku tatu sasa anatapika kila anachokula, choo hakuna. Tumempa mafuta ya kulainisha bado. Tumpe dawa ya kuharisha? — Soroti

Usimpe. Hii naona ni kizuizi, yaani kokwa au gunzi limekaa kwenye utumbo kama kizibo, na dawa ya kuharisha inaufanya utumbo usukume kwa nguvu kitu ambacho hakipiti, mwisho unachanika. Embe lenyewe kwa mbwa halina ubaya wowote, kokwa ndo shida, na la ovakado vilevile.

Gunzi ni janja zaidi. Linaweza kukaa tumboni wiki kadhaa mbwa akitapika siku moja na kupona siku mbili, na kwenye eksirei halionekani vizuri kama mfupa unavyoonekana, kwa hiyo ukimpeleka sema wazi "anakula magunzi", usimwachie daktari abahatishe. Kama kuna altrasaundi itasaidia. Siku tatu za kutapika zimeshamkausha maji, ataanza na dripu, na ndiyo, uwezekano mkubwa ni oparesheni. Najua ni hela. Lakini utumbo ukishaoza sehemu, oparesheni inakuwa kubwa zaidi na nafasi ya kupona inapungua, kwa hiyo kungoja hakukupunguzii gharama.

Ukiona uzi, kamba ya gunia au kipande cha kaveera kinaning'inia huko nyuma, usivute. Kamba inaweza kuwa imeshika juu tumboni, ukivuta unaukata utumbo kutoka ndani.

Dokta, usiku watu walirusha nyama juu ya uzio, asubuhi mbwa mmoja amekufa na mate mengi mdomoni, mwingine alitetemeka tukampeleka akapona. Aliyekufa tulimtupa kwenye shimo la takataka. Wenzangu wanasema nimekosea. — Askari wa zamu, Kasese

Wenzako wana haki, afande. Mtoeni leo, kwa glavu au kaveera nzito mikononi, mzikeni chini kabisa ambako mbwa wala fisi hafukui, mbali na kisima, na nyama iliyobaki iende naye.

Hizo nyama za wezi mara nyingi zimepakwa dawa za wadudu za shambani, za kundi la oganofosfati au kabameti. Dakika chache mbwa anatoa mate, machozi, mkojo na mavi bila kujizuia, mboni za macho zinakuwa nukta, misuli inarukaruka, alafu pumzi inakata. Aliyepona nadhani alichomwa atropini, hiyo inaweza kumrudisha mbwa mkiwahi, na ndo maana kwa sumu hii hakuna kukaa nyumbani kujaribu maziwa. Kama ameingia sumu mwilini kwa nje, manyoya yamelowa, mwosheni kwa sabuni mkiwa na glavu.

Sumu haifi pamoja na mbwa. Inabaki kwenye tumbo lake na kungoja mlaji mwingine, na ninyi Kasese mnaishi mlangoni mwa hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth. Mnakumbuka Aprili 2018 pale Hamukungu, simba 11 wakiwemo watoto 8 walikutwa wamekufa, ikashukiwa ni sumu. Na Ishasha Machi 2021 simba sita walikufa na tai wamelala pembeni yao. Polisi nao waambieni habari ya nyama, maana anayeua mbwa wa ulinzi usiku wa leo, kesho kutwa anarudi kwa kilichokuwa kinalindwa.

Tunafanya biashara ya mahindi hapa Malaba. Yaliyoota ukungu tunawasagia mbwa posho (ugali). Mzee anasema moto unaua kila kitu. Mbwa mmoja hali vizuri na macho yamekuwa ya njano.

Mwambie mzee kwa heshima zote kwamba moto unaua ukungu, hauui sumu ambayo ukungu ulishaiacha kwenye punje. Sumu hiyo, aflatoksini, inavumilia sufuria. Mwaka 2004 hapo jirani Kenya, Makueni, Kitui na kwingineko, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125, na hao walikuwa wanapika kila siku.

Mbwa ni dhaifu sana kwa aflatoksini. Haimuangushi siku moja, inakula ini polepole, wiki zinapita, alafu unaona njano, kutapika, kuvuja damu. Macho ya njano maana yake ini limeshaumia, mpelekeni na wale wengine waacheni kula hiyo posho leo, hata wasio na dalili. Na msiwape kuku wala ng'ombe mkidhani mmeokoa hasara, kwa ng'ombe inatokea kwenye maziwa mnayokunywa. Chakula chenye ukungu cha jalalani, mkate, njugu, wali uliolala, kuna wakati kinaleta kingine, mbwa anaanza kutetemeka mwili mzima ndani ya saa chache na joto linapanda. Huyo ni wa kukimbizwa, sio wa kungoja.

Mbwa amemeza pedi mbili toka kwenye ndoo ya chooni. Anaonekana sawa. — Makindye

Zinavimba zikipata maji, ndo kazi yake. Piga kliniki sasa hivi, ndani ya saa moja au mbili wanaweza kuzitoa kwa kumtapisha bila kisu. Pampasi nazo ni hivohivo.

Bibi yangu anameza dawa za TB, vidonge vilivyobaki alitupa, mbwa amekula. Si ni vidogo tu? — Gulu

Vidogo lakini vina isoniazidi, na mbwa hana uwezo wa kuivunja mwilini kama sisi. Inaleta degedege, tena mapema, pengine ndani ya saa moja. Mbebe mbwa na karatasi ya vidonge, mwambie daktari neno isoniazidi, dawa yake ni vitamini B6 ya sindano na kliniki nyingi za watu wanayo kama ya mifugo hawana. Vile vya maumivu pia, ibuprofeni, diklofenaki, parasetamoli, visitupwe ovyo, tumbo na figo na ini la mbwa haviviwezi. Na bibi aulizwe vizuri kwa nini vimebaki, dawa za TB zinatakiwa ziishe.

Nikimwagia pilipili na jiki juu ya takataka mbwa wa mtaa hawatasogea? — Arua

Pilipili watazoea au watakuja mvua ikiinyeshea. Jiki usimwage, mwenye njaa atalamba na mdomo utaungua, na ikichanganyika na mkojo wa kwenye pampasi au dawa nyingine za chooni inatoa gesi inayokukaba wewe. Tafuta pipa lenye mfuniko, funga mfuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta kutoka mkono hadi mkono wa pipa, pipa uliweke juu ya matofali mawili na ulifunge kwenye mti ili lisipinduliwe. Mifupa na mabaki ya samaki, hasa mukene na vichwa vya sangara vinavyoita mbwa wa kijiji kizima, yatie kwenye shimo na udongo juu siku hiyohiyo. Betri za tochi na zile ndogo za saa ziwekeni kwenye chupa yenye kizibo. Na gari la taka kama linapita asubuhi, toeni kaveera asubuhi, sio jioni yake.